Uswisi: Nchi Isiyo na Bahari wala Mafuta

Mjomba wangu ni fundi saa. Kibanda chake kiko karibu na stendi ya matatu hapa mjini, nami kila Jumamosi huenda kumsaidia. Siku moja alifungua saa kuukuu ya kujaza, akanipa kioo cha kukuzia nichungulie. Lo! Niliona kamani iliyojikunja na vijiwe vyekundu mfano wa chembe za mchanga, na maandishi madogo sana yakitaja Uswisi. "Hao hata bahari hawana," mjomba akasema. "Kamuulize mwalimu wako walitajirikaje."

Nilimuuliza, tena nikasoma maktabani. Uswisi ina kilomita za mraba 41,000 hivi, haifiki hata ukubwa wa Turkana, na watu wake ni kama milioni 9. Sehemu kubwa ni milima. Mafuta hakuna, dhahabu ya kuchimba ni kama hakuna. Hata hivyo, mwaka 2024 pato lao kwa kila mtu lilizidi dola 100,000, ilhali letu Kenya ni zaidi kidogo ya 2,000.

Msidhani walizaliwa matajiri. Mwaka 1816 na 1817 kulikuwa na njaa kali kwao, na mwaka 1819 Waswisi wengi walihamia Brazil, ambako walianzisha mji wa Nova Friburgo. Kwa karne nyingi vijana wao walikuwa wakijikodisha kuwa askari wa wafalme wa nchi nyingine. Eti nchi inauza vijana wake!

Kilichowafaa ni kutengeneza vitu vyepesi vya bei kubwa. Ukiwa huna bandari ya baharini na unazungukwa na milima, utauza nini? Si mawe. Saa mia moja zinaingia katika mfuko mmoja. Wakulima wa milima ya Jura, theluji ikifunika mashamba, walikaa nyumbani wakichonga vipande vya saa, huyu gurudumu, yule akrabu, kisha vikaunganishwa. Na bandari si kwamba hawana kabisa. Meli hupanda mto Rhine kutoka Rotterdam hadi Basel, na mkataba wa Mannheim wa mwaka 1868 unalinda uhuru wa kusafiri mtoni humo. Uganda wangeielewa habari hii haraka kutushinda sisi, maana mizigo yao mingi hupitia Mombasa.

Siku hizi hata saa si namba moja. Namba moja ni dawa na kemikali. Hapo Basel walianza kwa kutengeneza rangi za kutia kwenye utepe wa hariri, na ujuzi ule ule wa kuchanganya kemikali ukawafikisha kwenye dawa. Kampuni za Roche na Novartis ziko huko. Coartem tunayomeza tukishikwa na malaria ililetwa sokoni na Novartis kwa kushirikiana na wanasayansi wa China.

Kuna upande ambao haunipendezi. Sheria ya mwaka 1934 ilifanya kutoa siri ya mteja wa benki kuwa kosa la jinai, na wezi wakubwa wa Afrika wakapenda sana. Jenerali Sani Abacha wa Nigeria alificha huko mamia ya mamilioni ya dola, zikarudishwa baada ya kifo chake. Siri hiyo imelegea sasa, na mwaka 2023 benki ya Credit Suisse, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa, iliyumba ikanunuliwa na UBS.

Saa nazo ziliponea chupuchupu. Mwaka 1969 Wajapani walitoa saa ya mkononi ya betri, sahihi kuliko ya kamani, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya mafundi saa wa Uswisi walikuwa hawana kazi. Mwaka 1983 wakajibu kwa Swatch, saa ya plastiki yenye vipande 51 tu. Mjomba huicheka saa hiyo, ati haitengenezeki, ikifa imekufa.

Lakini lililonigusa hasa ni uanagenzi. Huko, kijana wa umri wangu, miaka 15 au 16, akimaliza shule ya lazima, mara nyingi huingia kazini kama mwanagenzi. Thuluthi mbili hivi ya vijana hupitia njia hiyo. Siku tatu au nne za juma yuko na fundi, siku moja au mbili yuko darasani, kwa miaka mitatu au minne, na analipwa. Akitaka chuo kikuu baadaye, njia ipo. Sergio Ermotti, aliyerudishwa kuiongoza UBS mwaka huo wa 2023, alianza hivyo hivyo, mwanagenzi wa benki.

Baba yangu husema ufundi ni wa waliofeli. Mimi sijafeli, nilikuwa wa sita darasani muhula uliopita, na bado napenda kazi ya saa. Mjomba naye macho yanamchoka na hana mwanagenzi. Sijathubutu kumwambia baba. Gazeti hili likitoka nitaliacha mezani, ukurasa huu ukiwa wazi.