Mji wa Songea: Jina Lake, Watu Wake na Lugha Zake

Msemaji wa Kiswahili asikiapo jina la mji wa Songea kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba ni kitenzi kilichotokana na songa, kana kwamba aliyeuita hivyo alikuwa akimwamuru mtu ajongee karibu. Dhana hiyo haina msingi. Songea ni jina la mtu, naye ni Songea Mbano, aliyekuwa nduna wa Wangoni wa Njelu katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Wadachi walipojenga boma lao katika nchi yake mwaka 1897 waliliita boma hilo kwa jina lake. Mwanzoni mwa mwaka 1906, kabla boma halijatimiza miaka kumi, walimnyonga papo hapo. Jina likabaki, na mji ukakua juu yake.

Kisa cha mji huu chastahili kuangaliwa na wachunguzi wa lugha kwa sababu moja kubwa. Katika muda wa karne moja na nusu hivi wakazi wa nchi hii wamejikuta katika badiliko la lugha mara mbili. Mara ya kwanza wale walioshinda kwa mikuki walishindwa kwa maneno, wakaiacha lugha ya baba zao na kusema lugha ya watu waliowatawala. Mara ya pili ni hii iliyopo sasa, ambapo lugha ile iliyoshinda inakipisha Kiswahili taratibu. Mtu akitaka kuona jinsi lugha zinavyohama na kuhamana, hana haja ya kwenda mbali. Atazame majina ya watu, ya vijiji na ya mitaa ya Songea.

Mahali penyewe

Mji umejengwa katika nchi ya juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na vilima vya Matogoro. Katika vilima hivyo ndiko unakoanzia mto Ruvuma, ambao hushuka kusini, kisha hugeukia mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hata ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Nchi iliyouzunguka mji ni ya misitu ya miyombo na nyasi ndefu. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na miezi iliyosalia ni mikavu.

Watu wake ni wakulima. Mahindi ndiyo chakula na ndiyo biashara pia. Tumbaku ililimwa kwa wingi tangu zamani za Waingereza, na mwaka 1936 wakulima wa Ungoni na Umatengo walipata chama chao cha ushirika cha kuuzia mazao, kilichojulikana kwa kifupi kama NGOMAT. Kahawa hutoka milimani upande wa magharibi, katika nchi ya Wamatengo. Njia kuu za mji ni tatu: moja yaenda Njombe na Makambako, kwenye reli ya TAZARA, ya pili yaenda Mbinga na Ziwa Nyasa, na ya tatu yaenda Tunduru na pwani ya Mtwara. Kwa muda mrefu njia hizo zilikuwa mbaya sana wakati wa masika, na mji ulihesabiwa kuwa wa mbali, mpaka barabara ya lami ya Makambako ilipojengwa katika miaka ya 1980.

Kuja kwa Wangoni

Asili ya Wangoni ni makabila ya Kinguni ya kusini kabisa mwa Afrika. Katika machafuko yaliyofuatana na kukua kwa dola ya Shaka, makundi kadhaa yaliondoka kwao na kuelekea kaskazini. Kundi moja kubwa, chini ya Zwangendaba wa ukoo wa Jere, lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likafika Ufipa, na huko Zwangendaba akafa katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu waligawanyika. Baadhi yao walikuja mashariki ya Ziwa Nyasa, wakawakuta huko Wangoni wengine, wa Maseko, waliokuwa wametangulia kwa njia nyingine. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika miaka ya 1860 vita vikatokea, na Wamaseko wakasukumwa ng'ambo ya Ruvuma, wakarudi hata nchi ambayo leo ni Malawi. Waliobaki walifanya dola mbili: Mshope upande wa kaskazini, chini ya ukoo wa Tawete, na Njelu upande wa kusini, chini ya ukoo wa Gama.

Hapana budi kukumbuka kwamba watu hao, walipofika, hawakuwa kabila moja. Njiani walikuwa wameteka na kupokea watu wa kila nchi waliyoipita: Washona, Wasenga, Watumbuka na wengineo. Wanguni wenyewe walikuwa wachache tu juu ya jeshi kubwa la wageni. Walipotulia katika nchi ya Ruvuma waliongeza wenyeji, yaani Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wanindi na wengine, na wale waliotawaliwa wakaitwa kwa jumla Wasutu. Majina ya koo yangali yanashuhudia safari hiyo. Gama, Tawete na Zulu yaelekeza kusini. Moyo na Soko yamejulikana sana miongoni mwa koo za Washona wa Zimbabwe. Na pamoja nao wamo wenye majina ya koo za wenyeji. Wote hao leo hujiita Wangoni.

Lugha ya walioshinda na lugha iliyoshinda

Mwaka 1904 Cassian Spiss, mmisionari wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, aliyeanzisha misheni ya Peramiho karibu na Songea mwaka 1898, alichapisha maelezo juu ya lugha mbili za nchi hiyo: Kingoni na Kisutu. Kwa jina la kwanza alikusudia lugha ya asili ya Kinguni, iliyokuwa ingali hai katika nyumba za wakubwa. Kwa jina la pili, lugha ya raia. Mwaka 1939 mmisionari mwingine wa shirika hilo, Elzear Ebner, aliandika sarufi ya lugha aliyoiita Kingoni Kipya. Lugha hiyo mpya haikuwa mtoto wa Kingoni cha kwanza. Ilikuwa ni ile lugha ya raia, iliyokwisha kupokea baadhi ya maneno ya mabwana na kulichukua jina lao. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu, alikiweka Kingoni cha Songea katika kanda N pamoja na Kimanda, Kimatengo na Kimpoto, akakiweka Kizulu mbali kabisa, katika kanda S.

Ushahidi ni mwepisi kuonekana. Mzulu husema umuntu, na wingi abantu. Mngoni wa Songea husema mundu, na wingi vandu. Irabu ya mwanzo haipo, na konsonanti ni za lugha za jirani. Vidoko, zile sauti ambazo Wanguni walizipata kwa Wakhoisan, havisikiki. Hata jina la lugha limebadili vazi: Wanguni wangetumia kiambishi isi-, lakini wenyewe wa Songea husema Chingoni, kwa kiambishi chi- cha watu wa nchi hii. Basi katika neno hilo moja shina ni la aliyeteka, na kiambishi ni cha aliyetekwa.

Yaliyosalia ya Kinguni ni maneno ya utawala na ya heshima hasa. Nkosi ni mfalme. Nduna ni mkuu wa jeshi na wa watu chini yake. Lakini hata hayo hayakubaki bila kuguswa. Katika Kizulu wingi wa induna ni izinduna. Katika Songea watu husema manduna, yaani neno limetiwa katika ngeli ya ma-, kama Kiswahili kifanyavyo kwa majina mengi ya wageni wenye vyeo: mabwana, maaskari, madaktari.

Sababu za badiliko hili hazikuwa za ajabu. Wanaume waliokuja na mikuki walioa wanawake wa nchi, na mtoto hujifunza kusema kwa mama kabla hajaitwa jeshini na baba. Tena jeshi lenyewe lilijaa vijana wa kutekwa, ambao Kinguni kwao kilikuwa lugha ya amri tu. Jambo hilohilo lilitokea Malawi, ambako Wangoni wa kaskazini walikuja kusema Kitumbuka, na wale wa Maseko Kichewa. Mahali popote walipotulia, Wangoni walilinda jina, koo na ngoma zao, lakini lugha waliipokea kwa wenyeji.

Boma na vita

Wadachi walipofika mwaka 1897 waliukuta utawala huo ungali na nguvu. Miaka minane baadaye, Julai 1905, Vita vya Majimaji vilianza katika nchi ya Wamatumbi, na baada ya muda mfupi dawa ya maji ikaletwa Ungoni na mjumbe aliyeitwa Omari Kinjala. Septemba vita vilikuwa vimewaka Ungoni, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, alikuwa amekwisha kuuawa Agosti, njiani karibu na Liwale. Dawa haikuzuia risasi. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga katika Songea makumi ya wakuu wa Wangoni, pamoja na Mputa Gama, nkosi wa Njelu, na wakawazika katika kaburi moja. Songea Mbano naye alinyongwa siku zizo hizo na kuzikwa peke yake. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji, akafa huko. Njaa iliyofuata, baada ya mashamba na maghala kuteketezwa, iliua watu wengi kuliko bunduki.

Mapigo hayo yaliangusha tabaka la wakuu, ambalo nyumba zake ndizo zilizokuwa kimbilio la mwisho la Kinguni. Lugha iliyokuwa ikififia kwa sababu ya ndoa ilipokonywa wasemaji wake kwa kamba.

Kila mwaka Februari mji huwakumbuka waliouawa. Makumbusho ya Majimaji yalianzishwa mwaka 1980, karibu na kaburi lao, na tangu mwaka 2010 yamo chini ya Makumbusho ya Taifa. Wazee husimulia kwamba kichwa cha Songea Mbano kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa matendo ya Wadachi, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu hilo.

Kiswahili katika Songea

Kiswahili kilikuja kwanza kwa misafara ya biashara iliyotoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa. Mfanyabiashara Rashid bin Masoud alikuwa na makao yake Kikole kabla ya vita. Baadaye boma lilikitumia kwa amri na kodi, na misheni kwa shule na sala. Lakini huenda waliokieneza zaidi ni vijana wa vijijini wenyewe. Kwa kuwa fedha ya kodi haikupatikana kwao, maelfu walikwenda kufanya kazi mbali, hasa katika mashamba ya mkonge, wakakaa na watu wa kila kabila, wakarudi na nguo, fedha na Kiswahili. P. H. Gulliver aliichunguza safari hiyo ya kazi katika kitabu chake cha mwaka 1955. Baada ya Uhuru, shule za msingi, chama na vijiji vya ujamaa viliikamilisha kazi hiyo.

Leo sokoni, shuleni, misikitini na makanisani lugha ni Kiswahili. Mitaa yenyewe yaonyesha tabaka hizo mbili. Majengo, Mjimwema na Misufini ni majina ya Kiswahili dhahiri. Bombambili pia ni la Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha mazungumzo, ambacho chasema bomba mbili pale ambapo sarufi ya shule ingetaka mabomba mawili. Ukitoka mjini wakutana na Lilambo, Litowa, Lipaya: majina yenye kiambishi li- kamili, ambacho Kiswahili hukiweka katika upatanisho tu, kama katika jina limeandikwa. Na neno Majimaji, ambalo ni la Kiswahili, ndilo lililopewa vita, makumbusho, uwanja wa mpira na timu ya mji.

Kuna tofauti kati ya badiliko la kwanza na hili la pili. Kinguni kilikufa kwa kuwa wasemaji wake walikuwa wachache mno. Chingoni kina wasemaji wengi bado vijijini, nacho kina sarufi iliyoandikwa na msomi wa huko huko, Deo Ngonyani, mwaka 2003. Lakini mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye wazazi wake ni wa makabila mawili, hana lugha nyingine nyumbani ila Kiswahili, na nyumba za namna hiyo ni nyingi. Kilichofanywa na mama wa Kisutu katika karne ya kumi na tisa chafanywa sasa na mtaa mzima.

Jambo hilo halina haja ya kulaumiwa, maana hakuna aliyelazimishwa kwa mkuki. Ila lina haraka yake. Kwa Kinguni cha Songea wachunguzi wanayo maelezo ya Spiss na machache mengine, kwa kuwa hakuna aliyewauliza wazee wengi zaidi kabla ya mwaka 1906. Kwa Chingoni wakati ungalipo wa kukusanya maneno ya kilimo, ya uwindaji na ya mazishi, majina ya vijito na vilima pamoja na maana zake, majina ya koo na sifa zake, na kuyaandika pamoja na jina la kijiji yalikosikiwa. Wanaoyajua wangali hai, nao wanakaa mwendo wa siku moja tu kutoka Songea.