Mita Moja Ndani ya Kivuko

Abiria wa kivuko cha Kamanga, kinachotoka Mwanza mjini kwenda upande wa Sengerema, husimama bega kwa bega. Kuna bodaboda, kuna matenga, kuna mama mwenye mtoto mgongoni, na kila mmoja anawahi nafasi. Machi 2020 watu hawa waliambiwa waachiane nafasi ya mita moja.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 mwezi huo, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe. Ndoo zenye koki zikawekwa milangoni mwa maduka, mafundi cherehani wakashona barakoa, daladala zikaambiwa zipakie "level siti", yaani abiria wote wakae. Wiki za mwanzo watu waliitikia. Kisha, kidogo kidogo, mabega yakarudiana.

Si ukaidi. Oktoba 2020 Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya, lilieleza hali hiyo kuwa ni uchovu wa janga, na kukadiria kwamba katika baadhi ya nchi ulikuwa umewagusa zaidi ya asilimia 60 ya watu. Ubongo unaokutana na tishio lilelile kila asubuhi, na kila jioni ukarudi nyumbani salama, hulizoea. Hofu inashuka ingawa kirusi hakijaondoka.

Lakini watu hawachoki na kila kitu kwa kiasi kimoja. Utafiti wa nchi 14 uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Human Behaviour ulionyesha kwamba uvaaji wa barakoa uliongezeka kadiri miezi ilivyopita, huku kukaa mbali na wengine kukipungua. Barakoa inazoeleka kama viatu. Umbali unadai malipo upya kila siku.

Na pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, malipo hayo ni makubwa. Dagaa hawauzwi kwa simu: mnunuzi anawashika, anawanusa, anabishana bei uso kwa uso. Mvuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka taa zake hazivuti dagaa. Siku za giza ndizo zenye riziki, na mtumbwi hauna mita moja ya kumwachia jirani. Kumwambia mtu huyu akae nyumbani ni kumwambia asile.

Kilichozidisha uchovu ni ukimya. Takwimu za Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, ndizo zilizobaki kuwa za mwisho kutolewa rasmi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Juni 29 shule zote zikafunguliwa. Mtu hupima hatari kwa anachokiona na anachokisikia. Asiposikia kitu, haoni sababu ya kuendelea kujinyima. Ukimya huo ulikuwa kosa, na wananchi wasilaumiwe kwa ajili yake.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, mambo yalikwenda vingine. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Bukoba. Ugonjwa huo huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili, hausambai hewani kama korona, kwa hiyo kazi ya kuudhibiti ni tofauti. Hata hivyo, idadi ilitajwa wazi, na waliotakiwa kujitenga walikuwa wale waliokutana na wagonjwa, kwa siku 21. Umbali uliokuwa na wahusika na wenye mwisho ulivumilika. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha.

Janga jingine likifika kwenye gati la Kamanga, wahusika watangaze idadi kila siku, na wataje siku ya mwisho ya kila zuio. Abiria wa daladala nao wasisubiri tangazo: wafungue madirisha. Upepo wa ziwa haumchoshi mtu, na unapunguza kirusi kilichoning'inia hewani.