Nyota ya Binti na Herufi Moja

Zipo nyumba za Unguja, Mombasa na Lamu ambazo posa ikifika, kabla ya kuzungumza mahari, mtu hutumwa kwa mwalimu wa falaki na majina manne: la kijana na la mama yake, la binti na la mama yake. Hurudi na neno moja tu, nyota zinapatana au hazipatani. Zisipopatana mshenga huagwa kwa upole, na binti huambiwa ndivyo alivyoandikiwa. Mimi naona anayekataliwa kwa hesabu ana haki ya kuiona hesabu yenyewe.

Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika abjadi, kuanzia alifu iliyo 1 hadi ghaini iliyo 1000. Chukua Ali mwana wa Mariam. Ali ni aini 70, lamu 30 na ye 10, jumla 110. Mariam ni 290. Kwa pamoja ni 400. Ukigawa kwa 12, idadi ya buruji, zinabaki 4, na buruji ya nne ni Saratani, yaani Kaa, nyota ya maji.

Mchumba wake ni Fatma binti Amina. Fatma ni 135. Kazi iko kwa mama. Sisi Waswahili tunasikia Amina mmoja, lakini Kiarabu kina wawili: mmoja maana yake aliye salama, na hesabu yake ni 96, mwingine ni mwaminifu, ambaye huandikwa kwa ye katikati, akawa 106. Ukiandika wa kwanza, Fatma anapata 231, zinabaki 3: Jauza, Mapacha, nyota ya upepo. Upepo una unyevu kama maji, kwa hiyo wenye elimu hii huuvumilia. Ukiandika wa pili zinakuwa 241, inabaki 1: Hamali, nyota ya moto. Moto na maji, wanasema, havikai nyumba moja.

Mtu yule yule, mama yule yule. Kilichobadilika ni ye moja, na aliyeiweka au kuiacha ni mwandishi aliyeketi jamvini na kalamu yake. (Zile nyota za magazetini, ambazo marehemu Sheikh Yahya Hussein aliwazoesha Watanzania, hufuata tarehe ya kuzaliwa. Ndiyo maana mtu huweza kuwa Simba gazetini na Nge kwa mwalimu.)

Kuiita hesabu hii kadari ni kuidhulumu kadari. Kuiamini kadari ni katika nguzo za imani, lakini wanazuoni wa Ash'ari walifundisha kwamba Mungu huumba tendo na mja hulichuma, naye ataulizwa kwa chumo lake. Ibn Sina, aliyezijua nyota vizuri, aliandika risala ya kuwapinga wanajimu. Hata istihara, rakaa 2 za kuomba kheri, humwachia mtu uamuzi wake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka hiari ya wote wawili.

Baba anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukataa posa: tabia ya kijana, deni, ulevi. Basi na aitaje, binti yake aijibu. Na ikiwa sababu ni nyota, binti aombe kwa adabu aletewe karatasi, kisha aulize: jina la mama yangu mmeliandikaje?