Zabibu za mvinyo Dodoma: kabla hujashika mkasi, mjue mnunuzi

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu zabibu huanza na "ekari moja inatoa tani ngapi?" Mimi nawarudishia swali: utamuuzia nani, na lini? Zabibu za mvinyo sio mahindi, huwezi kuziweka stoo ukasubiri bei. Zikiiva una siku chache tu, na dalali analijua hilo vizuri.

Kupogolea ndio kalenda yako

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hatuna baridi ya kuulaza, kinachouamsha ni mkasi. Ndiyo maana tunavuna mara mbili: Februari hadi Machi, halafu Agosti hadi Septemba. Kutoka kupogolea hadi kuvuna ni kama miezi minne.

Sasa, mkipogolea kijiji kizima wiki moja, mtavuna wiki moja, na bei itaporomoka. Ongea na mnunuzi kwanza, mwandikishiane, kisha hesabu miezi kurudi nyuma. Una ekari mbili? Pogolea moja, nyingine baada ya wiki tatu.

Mnunuzi anataka sukari

Usichume kwa kuangalia rangi. Tumia kipimo cha sukari, na pima matunda ya mashina tofauti. Karibu nusu ya sukari ndiyo hugeuka kilevi: zabibu zenye asilimia 20 hutoa mvinyo wa kama asilimia 11. Na zabibu ikishachumwa haiongezi utamu, sio kama embe. Punguza maji unapokaribia kuvuna, la sivyo utauza uzito usio na utamu.

Msimu wa mvua

Zao la Februari hukomaa kwenye unyevu, ukungu unapenda hapo. Punguza majani yanayofunika vichala ili hewa ipite. Salfa piga asubuhi, jua kali likiwepo inaunguza majani. Na heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo.

Njia ya pili

Jiungeni hata watu kumi mnunue matangi na mashine ya kukamua. Anayeuza mchuzi wa zabibu ana muda wa kujadili bei. Mwenye kreti juani hana, na dalali anaendelea kuangalia saa.