Gari likikataa kuwaka, pima kabla ya kununua spea
Kati ya Ifo na Garissa mjini, takriban kilomita 100, gari lililokataa kuwaka linaweza kumchelewesha mgonjwa. Hata hivyo, usikimbilie kununua betri au stata.

Zima gari, kisha safisha na ukaze nyaya za betri. Barabara mbovu huzilegeza. Mwombe fundi apime kwa mita. Betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 ukipiga stata, ichajiwe na ipimwe tena. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipofika, kagua altaneta na mkanda wake, la sivyo hata betri mpya itaisha chaji. Betri ikiwa nzima na stata haizunguki, kagua kwanza waya wa athi.