Kuongoza droni kwa mikono: bega ndilo linaloshindwa

Mtu anainua mkono, droni inapaa. Anaushusha, nayo inashuka. Ukitazama utadhani inamwona, wala haimwoni. Kinachomwona ni kamera iliyowekwa mbele yake. Kompyuta husoma mwili wake, kisha huirushia droni amri kwa mawimbi ya redio.

Kamera iliyofungua mlango huu ni Kinect ya Microsoft, iliyoingia madukani Novemba 2010 kwa ajili ya michezo ya Xbox 360. Mwaka uliofuata watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walikuwa tayari wanaitumia kuongozea droni yenye rafadha nne. Kinect humwaga chumbani maelfu ya vitone vya miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Kamera yake, iliyokaa kando kidogo, huona kitone kilichoangukia kiganja kimesogea tofauti na kile cha ukutani, na msogeo huo ndio unaotoa umbali. Kazi hii hufanyika mara 30 kwa sekunde. Kisha programu hutafuta viungo 20 vya mwili: kiwiko, bega, goti na kadhalika. Kifundo cha mkono kikipanda juu ya bega, amri ni kupaa.

Hadi hapo ni hesabu tu. Ugumu ni kujua lini mtu haamuru chochote, kwa maana hata rubani hujikuna kichwa. Kwa hiyo ni busara programu idai kwanza ishara ya kuanzia, na mtu akitoka mbele ya kamera, droni ielee palepale. Juani Kinect haifai, kwani infraredi ya jua huvimeza vitone vyake.

Taabu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko begani. Nyoosha mikono yote miwili ubavuni dakika chache uone. Misuli iliyokazwa bila kulegezwa hubana mishipa yake ya damu, huchoka, na mkono huanza kutetemeka. Kamera haijui uchovu. Mtetemeko nao huusoma kama amri.

Lakini mikono inaweza kupumzishwa: watafiti wa chuo kikuu cha EPFL, Lausanne, walitoa matokeo mwaka 2018 yakionyesha kwamba walioongoza droni kwa kuinamisha kiwiliwili walifanya vizuri kuliko waliotumia kishikio cha mkononi. Koti walilolibuni, FlyJacket, halihitaji kamera: kihisi husoma mwinamo wa mgongo, na mikono imewekewa vya kuiegemeza.