Patrick Balisidya, kutoka Dar Jazz hadi Sweden

Patrick Pama Balisidya alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa aliyeongoza Afro 70, moja ya bendi za vijana zilizovuma Tanzania katika miaka ya 1970. Alizaliwa Mvumi, Dodoma, mwaka 1946, na akafariki dunia mwaka 2004. Kumwita mwanaroki ni kutia chumvi kidogo, maana msingi wa kazi yake ulikuwa muziki wa dansi. Lakini gitaa lake lilikuwa na ladha ya roki na soul, na mwishoni mwa muongo ule alirekodi santuri nzima pamoja na kundi la roki la Sweden. Wanamuziki wa Tanzania waliofika huko wakati huo hawakuwa wengi.

Alianza kama wanavyoanza wapigaji wengi, chini ya jina la bendi ya watu wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa katika Dar es Salaam Jazz Band, bendi kongwe iliyokuwapo tangu miaka ya 1930, ambayo gitaa lake la solo lilikuwa limejengewa jina na Michael Enoch. Kazi ya mpigaji katika bendi ya dansi ina utaratibu wake. Mtunzi huja na maneno na sauti ya wimbo. Mpiga ridhim hutafuta mpigo unaofaa, mpiga besi naye huchagua njia yake, na mpiga solo hungoja maneno yapumzike ndipo ajibu. Chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo watu hucheza hasa, mara nyingi hutoka mikononi mwa wapigaji wenyewe. Hata hivyo wimbo ukitangazwa, anayetajwa ni mtunzi au kiongozi. Deiwaka, anayeitwa kuziba pengo kwa usiku mmoja, hatajwi kabisa. Analipwa, anafunga gitaa, anaondoka.

Mwaka 1970 Balisidya alianzisha Afro 70. Wakati wenyewe ulikuwa wa mtihani. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulikuwa umepiga marufuku muziki wa soul kwa hoja kwamba unapotosha vijana. Marufuku hiyo haikuua hamu ya magitaa ya umeme; vijana waliendelea nayo kwa maneno ya Kiswahili na majina ya Kiafrika. Afro 70 iliuita mtindo wake Afrosa, ikaimba mambo ya kawaida ya maisha, na nyimbo kama "Harusi", "Dirishani" na "Weekend" zikashika. Sunburst, bendi nyingine ya Dar es Salaam ya kipindi hicho, iliikumbatia roki waziwazi zaidi. Santuri yake, "Ave Africa", ya mwaka 1976, ilirekodiwa Zambia, nchi ambayo roki ilikuwa imestawi sana.

Kilichomtenga Balisidya na wenzake wengi ni suala la ajira. Bendi kubwa za enzi ile zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Jeshi, Polisi, Magereza na JKT nazo zilikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa huko alipata mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Akihama, gitaa linabaki. Mwenye bendi huru hakuwa na mshahara wala pa kuegemea. Magitaa, amplifaya na nyuzi vilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu na zilidhibitiwa na serikali. Tangu mwaka 1974 kulikuwa pia na Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA, lililosimamia shughuli za wanamuziki. Kiongozi wa bendi ya namna hii alitafuta ukumbi, akapatana na mwenye baa kuhusu mapato ya mlangoni, akalipa wapigaji, na amplifaya ikiungua hakuwa na ofisi ya kwenda kuililia. Uhuru wa mwanamuziki Tanzania ya wakati huo ulipimwa kwa vyombo kabla ya kupimwa kwa utunzi.

Nje ya Dar es Salaam mambo yalikuwa tofauti: kwa mtu wa Same au wa vijiji vya Upare, huko Kilimanjaro, muziki huo ulifika hasa kwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mji wa Same upo kwenye reli na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, hivyo bendi iliyofanya ziara ya kaskazini ilipita hapo. Kupanda milimani lilikuwa jambo jingine. Sehemu nyingi za Upare wa Kusini hazikuwa na umeme, na gitaa la umeme lisingepata pa kuchomekwa. Muziki wa kila wiki huko ulikuwa kwaya, maana Upare ni nchi ya misheni ya siku nyingi: Waadventista Wasabato walifungua kituo chao cha kwanza Giti mwaka 1903, na Walutheri nao wana mizizi mirefu. Redio ya betri haikuhitaji nguzo. Kijana wa Suji au Mbaga aliweza kulijua gitaa la Balisidya bila kuwahi kuona bendi jukwaani, lakini kama alitaka kulipiga kwa ajili ya riziki, ilimpasa kushuka na kwenda mjini.

Redio hiyo hiyo ndiyo ilikuwa studio kuu ya nchi. Bendi ilipeleka maneno ya nyimbo yakaguliwe kwanza, kisha ikaingia na kupiga wote kwa pamoja, na kanda ikabaki kwa redio. Malipo yalikuwa madogo. Faida ya kweli ilikuwa kutangazwa, ili watu wajae ukumbini Jumamosi. Santuri zilitengenezwa Kenya, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda chake. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, biashara hiyo iliumia, na mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Mwaka huo huo wa 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania katika FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos, Nigeria. Kisha ikaja safari ya Sweden. Archimedes Badkar, kundi lililoanzishwa mwaka 1972, lilichanganya roki, jazi na miziki ya Afrika na Asia. Lilikuwa sehemu ya vuguvugu la wanamuziki wa Sweden waliotaka kurekodi na kuuza kazi zao nje ya makampuni makubwa. Kwao uhuru ulikuwa wa kutotegemea kampuni kubwa za santuri. Vyombo havikuwa shida. Matunda ya ushirikiano huo ni "Bado Kidogo", santuri iliyotoka mwaka 1979 kwa majina ya Afro 70 na Archimedes. Humo Balisidya ni mwimbaji wa mbele na pia mpigaji mmoja kati ya wengi, kazi mbili alizokuwa amezizoea tangu Dar Jazz, ingawa sasa wenzake walikuwa wageni wa Kiswahili.

Umaarufu huo haukugeuka kuwa mali. Hakimiliki ilikuwa kidonda cha wanamuziki wa eneo zima. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Taita nchini Kenya, Fadhili William aliirekodi "Malaika" ikaimbwa duniani kote, na Boney M wakaitoa mwaka 1981, huku ubishi wa nani aliitunga ukiendelea hadi leo. Tanzania ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyozaa COSOTA, taasisi ya kusimamia haki hizo. Wakati huo Balisidya alikuwa na miaka 53, na nyimbo zake zilizovuma zaidi zilikuwa na umri wa robo karne. Nyingi kati ya rekodi za redio za enzi ile sasa zimo katika maktaba ya TBC, iliyorithi Redio Tanzania, na santuri za Afro 70 hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.